Chapa ya pikipiki hufaje? Kisa cha BSA

Chapa ya pikipiki huhesabiwa imekufa pale kiwanda kinapoacha kuunda pikipiki mpya zenye jina lile. Lakini siku ya kufunga lango huwa ni hatua ya mwisho tu. Kufa kwenyewe huanza miaka mingi nyuma, pengine wakati hesabu za kampuni bado zinaonyesha faida. Hivyo ndivyo ilivyoondoka BSA (Birmingham Small Arms) ya Uingereza.

BSA ilianzishwa mwaka 1861 na mafundi bunduki wa Birmingham. Pikipiki yake ya kwanza iliundwa 1910, na baada ya kuinunua Triumph, chapa nyingine ya pikipiki ya Uingereza, mwaka 1951 hakukuwa na kampuni ya pikipiki duniani iliyoizidi kwa ukubwa. Iliuza za kila aina, kuanzia Bantam ya cc 125 waliyopanda vijana wa posta kupeleka simu za maandishi, hadi Gold Star ya mashindano.

Honda iliingia Marekani mwaka 1959 kwa pikipiki ndogo. Waingereza hawakushtuka. Waliamini kijana atajifunzia ya Mjapani, na akishapevuka atataka pikipiki kubwa, yaani ya kwao. Edward Turner, mkuu wa pikipiki katika BSA, alikwenda Japani 1960 akarudi na onyo kuhusu ukubwa wa viwanda alivyoviona. Onyo lile halikufanyiwa kazi ya maana.

Kilichofuata kilielezwa vizuri katika ripoti ya Boston Consulting Group, kampuni ya washauri wa biashara, kwa serikali ya Uingereza mwaka 1975. Wajapani wakiingia daraja fulani la ukubwa wa injini, faida inashuka, Waingereza wanaliacha na kupanda daraja la juu. Kila walipopanda, hesabu zilipendeza kwa muda, kwa kuwa pikipiki kubwa huacha faida nono. Lakini idadi ya pikipiki walizouza ilizidi kupungua, na idadi ndiyo inayolipia mitambo mipya na usanifu mpya. Kwa maoni yangu hapa ndipo BSA ilipokufa, ingawa lango la kiwanda cha Small Heath lilikuwa wazi bado.

Tazama pikipiki mbili za mwisho wa miaka ya 1960. BSA Rocket 3 ilikuwa na silinda tatu, cc 740, na kasi ya kuheshimika kabisa. Ila kuiwasha ni kwa kiki, na kasha la injini lilikuwa vipande vilivyounganishwa wima, hivyo viungo vilishuka hadi chini kwenye oili na kuvuja lilikuwa jambo la kawaida. Honda CB750 ya 1969 ilikuja na silinda nne, breki ya diski mbele, kitufe cha kuwashia, na kasha lililogawanywa kwa ulalo. Mnunuzi hakuhitaji kuelezwa na mtu.

BSA ilijaribu kujikomboa kwa pikipiki za mwaka 1971 zenye fremu mpya iliyobeba oili ndani yake. Michoro ilichelewa, kiti kikawa juu mno hata mtu wa kimo cha kawaida alipata shida kukanyaga chini, na shehena ikaikosa majira ya kuchipua, msimu wa mauzo wa Marekani. Hasara ikawa kubwa, maelfu wakapoteza kazi. Mwaka 1973 serikali ilisimamia muungano uliozaa Norton Villiers Triumph, na jina la BSA halikuwekwa hata kwenye bango la kampuni mpya.

Jina, hata hivyo, ni mali inayouzika. Mwaka 2016 lilinunuliwa na Classic Legends, kampuni iliyo chini ya Mahindra ya India, na 2021 ikazinduliwa Gold Star mpya ya cc 652, inayoundwa India. Ni pikipiki nzuri, lakini haina hata boliti moja ya Small Heath. Wenye BSA za zamani bado wanaziendesha kwa sababu nyingine: ziliundwa nyingi mno kiasi kwamba karakana ndogo zinapata riziki kwa kutengeneza spea zake hadi leo.