Tanga 1914 kwenye kioo cha simu: ninavyoendesha vita vya sanamu kwa mbali

Mara ya kwanza nilipoyapanga mezani mapigano ya Tanga, ya Waingereza na Wajerumani, hapa Nottingham ninapoishi, mchezo ulikwisha ndani ya saa moja na nusu. Rafiki yangu aliyeshika upande wa Waingereza aliizunguka meza, akainama, akawahesabu askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, mmoja baada ya mwingine, akaona ni wachache. Akapeleka jeshi zima kushoto, akawafunika. Hakuvunja kanuni hata moja. Lakini ile haikuwa Tanga, na mimi niliyekesha wiki nzima nikipaka rangi minazi nililijua hilo kabla hajamaliza zamu ya tatu.

Kwa aliye mgeni wa mambo haya: tunacheza juu ya meza, kwa kawaida ya futi sita kwa nne, iliyopangwa vilima, miti, nyumba na barabara. Askari ni visanamu vya metali laini au plastiki ambavyo mwenyewe unavipaka rangi kwa brashi nyembamba, kisha unavigandisha viwili au vitatu kwenye kibao kimoja. Kanuni zinasema kikosi kinasogea inchi ngapi na bunduki inafika wapi. Yanayobaki yanaamuliwa na dadu.

Sasa tazama kilichotokea kweli. Mwanzoni mwa Novemba 1914, Meja Jenerali Arthur Aitken alifika mbele ya Tanga na watu wapatao 8,000, wengi wao wanajeshi kutoka India. Lettow-Vorbeck alikuwa na kama 1,000, sehemu kubwa yao askari Waafrika, na baadhi ya kombania bado zilibeba bunduki za kizamani za baruti nyeusi, ambazo kila zikilia moshi unamfichua mpigaji. Kwa hesabu ya mezani, hapo hakuna mchezo. Hata hivyo, tarehe 5 Waingereza walikuwa wanarudi melini, nyuma yao wameacha bombomu (bunduki za rashasha) 16, bunduki 455 na risasi 600,000.

Sababu ni nyingi, lakini ukizichambua unakuta moja imejificha ndani ya karibu zote: hakuna aliyekuwa anaona. Kutoka Ras Kasone, waliposhukia Waingereza, hadi mjini kulikuwa na mashamba na vichaka. Upande wa kulia wa Waingereza, wanajeshi wa Kashmir, Gurkha na baadhi ya kikosi cha Lancashire walifika mpaka ndani ya mji, huku upande wa kushoto ukivunjika. Usiku ule, baada ya tarumbeta kueleweka vibaya, kombania za Lettow nazo zikarudi nyuma kambini magharibi ya mji. Tanga ikabaki karibu tupu. Aitken hakujua. Mji aliotumwa kuuteka ulikuwa wazi, naye alikuwa anapanga kuondoka.

Jambo hilo haliwezi kutokea kwenye meza ambayo wachezaji wote wamesimama pembeni yake. Mjomba wangu, mchezaji wa bao tangu ujana wake, ndiye aliyenifumbua macho. Nilipomsimulia ule mchezo wangu ulioharibika alisema, "Mjomba, wewe umewachezesha bao. Kwenye bao mashimo 32 yote yako wazi, kila mtu anaona kete za mwenzake. Vita vina mashimo gani yaliyo wazi?"

Mjomba yuko Muscat. Shemeji yangu yuko Tanga kwenyewe. Wote wawili walitaka kucheza, na sanamu zote ziko kwangu. Kwa hiyo tulianza kucheza kwa mbali kwa kuwa hatukuwa na njia nyingine. Leo, hata wangekuwa wote wamekaa sebuleni kwangu, mchezo wa Tanga ningewaweka vyumba tofauti.

Wazo hili lina umri mkubwa kuliko intaneti. Mwaka 1824, Luteni von Reisswitz wa Prussia, dola la Kijerumani la zamani, alichapisha mchezo wa vita ambao baba yake alikuwa ameuanza. Ulichezwa juu ya ramani ya kipimo cha 1:8000, na kila zamu ilisimama badala ya dakika mbili za vita. Wachezaji hawakugusa vikosi wapendavyo. Waliandika amri, wakampa mwamuzi, naye akaweka juu ya ramani vile tu ambavyo vingeweza kuonekana. Jeshi la Prussia likauchukua kuwafundishia maofisa. Ukiuangalia vizuri, ule ulikuwa tayari mchezo wa mbali: kati ya kamanda na askari wake kuna mtu, kuna karatasi, kuna ucheleweshaji. Sisi tumebadilisha karatasi tu, tukaweka WhatsApp.

Wengi wanaoanza kucheza kwa mbali hufanya kama nilivyofanya mimi mwanzo. Wananing'iniza kamera juu kabisa ya meza ili mwenzao aone kila kitu, halafu wanahangaika kwamba picha ni ndogo, sanamu hazitambulikani, na mchezaji wa mbali anauliza kila dakika "yule ni nani pale?" Wanatafuta kamera bora zaidi. Ushauri wangu ni kinyume chake. Ishushe kamera. Iweke usawa wa macho ya sanamu, nyuma ya bega la kamanda wake, na asione zaidi ya hapo.

Mimi natumia simu mbili za kawaida. Moja iko kwenye stendi fupi ya mezani, na naihamisha pale kamanda anapohama. Nyingine inatazama sinia la dadu, haisogei. Kamera ya juu ninayo, ila ni ya kwangu mwamuzi, ya kumbukumbu. Mchezo ukikatika kabla haujaisha, picha ile ndiyo inayonisaidia kurudisha kila kibao mahali pake wiki inayofuata.

Rangi ndiyo iliyonichukulia muda mrefu kujifunza. Sanamu iliyopakwa kwa ajili ya jicho la mtu aliyesimama futi mbili kutoka mezani, kamera inaimeza. Askari wangu wa kwanza walivaa kaki sahihi kabisa, na juu ya nguo ya meza ya rangi ya udongo walipotea. Shemeji aliona kofia zinaelea. Nikawarudia wote: nikapandisha mwanga kwenye mabega na usoni kuliko inavyopendeza kwa karibu, nikapaka vanishi isiyong'aa, maana ile inayong'aa chini ya taa inageuka doa jeupe. Ukingo wa nyuma wa kila kibao nikaupiga mstari wa rangi na herufi. Taa nazo ziweke mbili, kushoto na kulia. Ukitumia moja tu, kivuli cha mnazi kinafanana na kikosi, na nimewahi kuona kombania nzima ikishambulia kivuli.

Ukubwa wa sanamu nao una maana. Zile za milimita 6 ni nzuri mezani, lakini kwenye simu zinakuwa mchanga. Za milimita 28 zinaonekana vizuri, ila meza inajaa upesi. Kwa Tanga nilichagua milimita 15, kibao kimoja cha sanamu tatu kikisimama badala ya watu 50 hivi.

Sauti ni muhimu kuliko picha, nami sitachoka kulirudia hili. Picha ikiganda, mchezo unaendelea. Sauti ikikatika, mchezo umekufa. Kwa hiyo wachezaji wangu huzima kamera zao za uso, tunabaki na picha moja tu ya meza, na bando la shemeji linadumu. Umeme ukikatika Tanga anabaki na simu yake iliyochajiwa tangu mchana. Mtandao ukizidi kuwa mbaya tunaacha video kabisa. Napiga picha moja kwa kila upande, naituma kama faili, siyo kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp huipunguza ubora na herufi za vibao hazisomeki. Michezo miwili mizuri kuliko yote niliyowahi kuendesha ilichezwa kwa picha na ujumbe wa sauti tu, siku tatu mfululizo, kila mtu akiamuru akipata nafasi.

Wapo wanaopenda kucheza kwenye programu za kompyuta. Vassal ni ya bure na ni nyepesi, kompyuta ya zamani inaibeba. Tabletop Simulator inauzwa, na inahitaji mashine yenye nguvu kidogo. Zote zinafanya kazi. Mimi nakosa humo mkono unaosogeza kitu kilichopakwa rangi, basi sizitumii sana.

Kuhusu dadu, nimesikia ubishi mwingi: nani arushe, nani aangalie. Mwacheni mchezaji arushe zake mwenyewe, kwake, kwenye sahani yake. Mjomba anazo dadu tatu, na mlio wake ukisikika kutoka Muscat, kisha kimya, kisha "mbili, mbili, tano", ninaandika mbili, mbili, tano. Mtu ambaye huwezi kumwamini kwa dadu, usicheze naye hata akiwa mbele yako. Sinia langu lenye kamera ni kwa mambo ambayo hakuna upande unaoyamiliki: mvua, treni kuchelewa, nyuki.

Ratiba yetu ni Jumamosi. Wakati wa baridi huku tunaanza saa kumi na mbili jioni kwangu, ambayo ni saa tatu usiku Tanga na saa nne Muscat. Kiangazi ninyi mnaobaki pale pale hamlioni, lakini saa za Uingereza husogea na tofauti yetu hupungua kwa saa moja. Andikeni saa za kila mmoja kwenye ujumbe mmoja, mtaepuka kugombana. Zoom ya bure hukata mkutano baada ya dakika 40, nami nimeufanya ukomo huo kuwa kipimo: dakika 40 ni zamu mbili, kisha kila mtu anapumzika, ananywa maji, anaandika amri.

Na amri zina sheria. Kila kamanda ana kundi lake la WhatsApp na mimi, wala hawaonani. Amri isizidi maneno 20. Inakwenda mimi nikiwa tarishi: kwa kikosi kilicho karibu inafika zamu hiyo hiyo, kwa kilicho mbali inafika zamu inayofuata, na kikosi kinatii kama kilivyoielewa, siyo kama mwenyewe alivyokusudia.

Usiku tulioucheza Tanga, shemeji alikuwa Aitken na mjomba alikuwa Lettow. Nilianza kwa kumtumia mjomba habari ya kweli ya tarehe 2: nahodha wa manowari Fox ameingia bandarini na kutangaza kwamba makubaliano ya kutopigana hayapo tena. Mjomba alijibu kwa maneno matano, "Treni zote kutoka Moshi, sasa." Shemeji hakujua kwamba mwenzake ameshtuka. Zamu mbili baadaye alisikia kwangu tu, "Kuna honi ya treni, mbali." Akaniuliza ngapi. Nikamwambia ni honi.

Zamu ya tano dadu ya nyuki ikaanguka. Mwaka 1914 makundi ya nyuki yalivamia pande zote mbili katikati ya mapigano, na baadaye baadhi ya Waingereza waliamini Wajerumani ndio walioyatega. Sikuandika neno nyuki. Nilimwandikia shemeji: "Kushoto kwako watu wanakimbia wakipiga kelele. Milio ya risasi ni michache. Sababu haijulikani." Kwenye simu yake aliona vibao vinne vimegeuzwa migongo kati ya minazi, basi. Nilisikia pumzi yake. Alikuwa na kombania mbili ndani ya mji wakati huo, zimekaa vizuri kabisa, na ujumbe wao wa ushindi ulikuwa njiani, zamu moja mbali. Akaandika: "Kushoto rudini ufukweni. Kulia simameni mlipo."

Nilikuwa nimeiinamia meza ile ninaona kila kitu, na kweli nilitaka kumwambia.

Walipomaliza, saa saba usiku Tanga, niliinua kamera ya juu nikawaonyesha meza nzima. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kisha mjomba akauliza, "Shem, wale wawili walio karibu na stesheni ni wako?" Mji ulikuwa na vibao vitatu tu vya mjomba.

Asubuhi yake, Jumapili, simu yangu ililia nikiwa bado kitandani. Shemeji alikuwa Ras Kasone. Alikuwa ameenda kwa bodaboda. Akanionyesha maji, kisha akapanda mwinuko, akaigeuza simu ielekee upande wa mji na kuishusha hadi kifuani, usawa ule ule ninaouweka stendi yangu. "Shem, tazama. Kutoka hapa huoni chochote." Yalikuwa majani, na juu yake anga.

Nimeongeza tabaka moja la foamu ngumu chini ya ufukwe wangu na minazi kumi na miwili zaidi.