runit: huduma nzima ndani ya mistari miwili

Linux inapowaka, kerneli ikishamaliza kutambua vifaa huanzisha programu moja tu, yenye namba 1, na hiyo ndiyo huzaa nyingine zote. Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, ilipoifanya systemd, ambayo ni programu moja ya namna hiyo, kuwa chaguo lake la kawaida katika toleo la 8 la mwaka 2015, baadhi ya wasioafiki walijitenga na kuunda toleo lao, Devuan. Matoleo mengine, Alpine na Gentoo, yalibaki na OpenRC, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, Artix humwachia mtumiaji achague, na Void, ninayoitumia mimi, huanzishwa na runit, ambayo nayo ni ya kazi hiyo.

Katika Void kila huduma, yaani programu inayofanya kazi chinichini, ina saraka (folda) yake ndani ya /etc/sv, na humo mna faili iitwayo run. Ile ya sshd, huduma ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, inaweza kuwa na mistari miwili tu: #!/bin/sh, kisha exec /usr/bin/sshd -D. Ili huduma ianze, unaweka kiungo cha saraka hiyo ndani ya /var/service, na runsvdir, ambayo hupakagua mahali hapo kila baada ya sekunde 5, huikabidhi kwa msimamizi wake, runsv.

Mstari wa pili ndio wenye uzito, na wageni wengi hukwama hapo. Neno exec huifanya sshd ichukue nafasi ya skripti yenyewe na kubaki na namba ileile ya mchakato. Ukiliacha, amri ya sv down, ya kuisimamisha huduma, itaiua skripti huku sshd ikiendelea kukimbia bila msimamizi. Nayo -D huizuia sshd kujificha nyuma. Bila hiyo, mchakato wa kwanza huzaa mwingine kisha hufa, runsv huamini kwamba huduma imekufa na kuianzisha upya, hiyo mpya hukuta mlango wa mtandao umekwisha kushikwa na kufa pia, na mzunguko huo hurudiwa karibu kila sekunde. Ukiona sv status, amri ya kuonyesha hali ya huduma, inakupa muda tangu ianze usiovuka sekunde moja kila unapouliza, anza kuchunguza hapo.

Kuhusu utegemezi, runit haina mpangilio wowote wa nani atangulie. Huduma inayoihitaji dbus, ambayo hupitisha ujumbe kati ya programu, huandikiwa tu sv check dbus || exit 1 mwanzoni mwa faili ya run, ikashindwa na kujaribu tena mpaka dbus iwe tayari. Wapo wanaouona utaratibu huu kuwa wa kishamba. Kwangu mimi unatosha, maana naweza kuusoma wote bila kufungua mwongozo.

Sifa ya wepesi wa runit, hata hivyo, hutiwa chumvi. Kwenye kompyuta ya zamani yenye GB 2 za RAM, kivinjari chenye kurasa kadhaa hula kumbukumbu kuliko programu yoyote ya kuanzisha mfumo, kwa hiyo anayehamia runit kwa sababu hiyo pekee aanze kwanza kwa kubadilisha mazingira ya eneokazi.