Mstari wa rangi ulichorwa lini?

Kila ikikaribia Aprili 15, siku ya kumkumbuka Jackie Robinson, utasikia kwamba yeye ndiye Mweusi wa kwanza kucheza ligi kuu ya besiboli Marekani, na kwamba mwaka 1947 alivunja "mstari wa rangi" uliokuwepo tangu mchezo uanze. Hilo la "tangu mchezo uanze" ndilo linaloniudhi zaidi.

Mstari wa rangi ni mwiko wa klabu za Wazungu kutosajili wachezaji Weusi. Basi. Katika kanuni za ligi kuu haukuandikwa. Wenye timu walielewana tu.

Ila mwiko huo ulimkuta mtu kazini: Moses Fleetwood Walker, mdakaji wa timu ya Toledo, mzaliwa wa Ohio, aliyesoma vyuo vya Oberlin na Michigan. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji, na enzi hizo wengi walidaka mikono mitupu au kwa glavu nyembamba za ngozi. Vidole viliumia hasa. Agosti 1883 timu ya Chicago ilifika Toledo kwa mechi ya kirafiki, Walker akiwa amepumzishwa kwa sababu ya mkono mbovu. Nahodha wa Chicago, Cap Anson, akasema hachezi na Mweusi. Kocha wa Toledo, Charlie Morton, akamwingiza Walker makusudi, akamwambia Anson kwamba akigoma, mgao wa kiingilio asahau. Anson akacheza!

Mwaka 1884 Toledo waliingia American Association, ligi kuu kamili, na Walker akacheza mechi 42. Mrushaji wake, Tony Mullane, alikuja kukiri kwamba hakuwahi kufanya kazi na mdakaji bora kuliko yeye, lakini kwa chuki ya rangi alipuuza ishara zake za mpira gani urushwe, akarusha alivyotaka. Mdakaji asiyejua mpira unakuja vipi, na mikono ile!

Kura ya kuwazuia Weusi ilipigwa Julai 14, 1887, tena katika ligi ya chini, International League: hakuna kusajili Weusi wapya. Walker aliendelea na timu ya Syracuse hadi 1889, kisha mlango ukafungwa.

(William Edward White, mwana wa mama mtumwa, alicheza mechi moja ya ligi kuu na timu ya Providence mwaka 1879, ila aliishi akihesabiwa Mzungu. Huyo ana mjadala wake.)

Robinson hapunguziwi kitu. Ukisema ni Mweusi wa kwanza ligi kuu, malizia tu: "tangu 1884."