Maana ya kipimo cha mwanzo kinachohama

Kipimo cha mwanzo kinachohama ni tabia ya kila kizazi kuyachukulia mazingira kiliyoyakuta utotoni kuwa ndiyo hali ya kawaida, kisha kupima mabadiliko yote kuanzia hapo. Mtu aliyezaliwa mto ukivukwa kwa mtumbwi anaona umekufa pale watoto wanapouvuka kwa miguu. Watoto hao wakikua, mto wa maji ya magotini kwao ndio mto wenyewe, na watashtuka siku ukianza kukauka kiangazi. Wanaofuata watauzoea hata ukauko huo. Hasara inakuwa kubwa mno, lakini hakuna kizazi hata kimoja kilichoiona yote.

Dhana hii ilielezwa mwaka 1995 na Daniel Pauly, mwanasayansi wa uvuvi, katika makala fupi sana. Aliowalenga ni wanasayansi wenzake. Alisema kila kizazi cha wataalamu kilianzia hesabu kwenye wingi wa samaki waliokuwepo siku za mwanzo za kazi yao, na kizazi kilichofuata kikaanzia kwenye kiwango cha chini zaidi. Yaani waliosahau ni wale wale waliokuwa na kazi ya kupima. Hilo ndilo linalonifanya niione dhana hii kuwa nzito: elimu peke yake haimkingi mtu nayo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua unatoka Key West, mji wa pwani katika jimbo la Florida, Marekani. Huko watalii hukodi boti kwenda kuvua kwa starehe, na wakirudi hupiga picha gatini wakiwa na samaki wao wakubwa waliotundikwa. Mtafiti Loren McClenachan alikusanya picha za aina hiyo za kuanzia mwaka 1956 hadi 2007 na kukadiria ukubwa wa samaki wanaoonekana. Katika zile za zamani wamening'inia chewa wakubwa kumpita mtu na papa warefu. Katika zile za karibuni, wengi ni samaki unaoweza kuwashika kwa mkono mmoja. Wastani wa uzito wa samaki mmoja ulishuka kutoka kilo 19.9 hadi kilo 2.3. Ila nyuso za watu hazikubadilika: mvuvi wa mwaka 2007 anatabasamu kwa fahari ile ile, kwa sababu hana picha ya 1956 ya kujilinganisha nayo. Hata bei ya safari, ukiondoa mfumuko wa bei, haikushuka.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2005, uliwahoji wavuvi 108 wa rika tatu katika Ghuba ya California, Meksiko. Wazee walitaja aina za samaki zilizopungua mara tano zaidi ya walizotaja vijana, na maeneo ya kuvulia yaliyokwisha samaki mara nne zaidi. Bahari ni moja, kijiji pengine ni kimoja, na baba na mwana wanaisimulia kana kwamba ni bahari mbili.

Sasa chukua hali hiyo uipeleke kwenye mkutano wa hadhara kuhusu msitu. Mzee anasema msitu umekwisha. Kijana anashangaa, maana miti anaiona. Ofisa anatoa takwimu kuonyesha kwamba katika miaka kumi iliyopita eneo lenye miti limeongezeka. Wote watatu huenda wanasema kweli, na bado wataondoka pale kila mmoja akimwona mwenzake mwongo au mkaidi. Swali ambalo halikuulizwa ni dogo: tangu lini? Mwenye nafasi ya kuchagua mwaka wa kuanzia hesabu ameshashika nusu ya hoja kabla mjadala haujaanza, na kwa maoni yangu mwaka huo ungetakiwa kutajwa kwa sauti kila takwimu za mazingira zinaposomwa mbele ya watu.

Hata vipimo rasmi huhama. Utabiri ukisema mvua itakuwa "juu ya wastani", wastani huo kwa kawaida ni wa miaka 30, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutaka usogezwe mbele kila baada ya miaka kumi. Uliokuwa ukitumika ni wa 1981 hadi 2010. Wa sasa ni wa 1991 hadi 2020. Kwa mkulima anayepanga msimu ujao jambo hili lina maana, kwani anahitaji kujua hali ya hewa ya siku hizi. Lakini kwa anayetaka kujua dunia imepata joto kiasi gani, wastani unaosogea huficha sehemu ya jibu, kwa kuwa miaka ya joto imekwisha kuingizwa ndani yake. Ndiyo maana shirika hilo hilo limeuhifadhi wastani wa 1961 hadi 1990 kwa ajili ya kufuatilia mabadiliko ya muda mrefu, na kikomo cha ongezeko la joto la nyuzi 1.5 katika Mkataba wa Paris, makubaliano ya mataifa kuhusu tabianchi, hupimwa kwa kulinganisha na miaka ya kabla ya viwanda, ambayo wanasayansi huikadiria kwa kipindi cha 1850 hadi 1900.

Kumbukumbu za wazee ni ushahidi, na zisikilizwe hivyo. Zina walakini pia, kwani siku ya neema kubwa hukumbukwa kuliko siku mia za kawaida. Hupata nguvu zikiwekwa pamoja na ramani za zamani, picha za angani, daftari za wanunuzi wa samaki, au chavua, yaani unga wa maua ya mimea ya kale, iliyozikwa kwenye matabaka ya matope chini ya ziwa.

Tatizo gumu zaidi huja pale watu wanapokubaliana kurejesha kilichopotea. Mandhari nyingi zimeguswa na wanadamu kwa maelfu ya miaka, kwa moto, malisho na mashamba, kwa hiyo hakuna mwaka mmoja ulio sahihi wa kurudi. Mradi ukiahidi kurudisha msitu, uulizwe ni msitu wa mwaka gani, kwa sababu mwaka huo ndio utakaoamua miti ipi ipandwe, na shamba la nani lihesabiwe kuwa msitu.