Risasi inayobaki ndani ya nyama ya pori

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, na risasi ni madini laini ya kijivu ambayo tangu zamani ndiyo yanayotengenezewa hicho cha kwanza. Mkaguzi wa nyama anapomwambia mnunuzi wa nyama ya pori hapa Lubumbashi, Kongo, kwamba huenda nyama yake ina risasi, mnunuzi hupapasa kidonda kwa kidole akitafuta kipande kigumu, na asipokipata hutulia. Anatafuta risasi ya kwanza; tunayoihofia sisi ni ya pili, na hiyo haipapasiki.

Katika misitu ya miombo mwindaji hampigi pongo au nsya kutoka mbali, kwa sababu mashina na vichaka humlazimu asogee mpaka hatua hamsini au pungufu. Wengi hudhani kwamba kupiga kwa karibu huacha nyama safi zaidi, na kwa upande wa shabaha wana haki. Kwa upande wa madini mambo ni kinyume. Risasi ya bunduki kubwa ya kuwindia hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 800 hivi kwa sekunde, kisha hewa huipunguza kadiri inavyokwenda; mnyama aliye karibu huipokea ikiwa bado na karibu nguvu zake zote. Kichwa cha kawaida cha risasi, yaani sehemu inayoruka hadi kwa mnyama, kina kiini cha madini laini ya risasi kilichovikwa ganda jembamba la shaba, nacho kimekusudiwa kupanuka kikigusa mwili. Kikigonga mfupa wa bega kwa mwendo huo, hakipanuki tu, bali hupasuka, na vipande vyake, vingine vidogo kuliko punje ya chumvi, hutawanyika mbali na tundu tunaloliona.

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa ayala 30 waliopigwa kwa risasi za aina hiyo. Picha za eksirei zilionyesha vipande vya metali katika mizoga, kuanzia 15 hadi zaidi ya 400 kwa mnyama mmoja. Nyama ikapelekwa kwa wachinjaji wa kawaida, wasioambiwa lolote, wakaikata na kuisaga kama kazi yao ilivyo. Hata hivyo pakiti 32 kati ya kila 100 zilikuwa na walau kipande kimoja. Nguruwe waliolishwa nyama hiyo walipanda kiwango cha risasi katika damu ndani ya siku chache. Mwaka mmoja kabla, uchunguzi uliofanyika Minnesota, jimbo la Marekani, ulikuta vipande hata sentimita 30 kutoka kwenye njia ya risasi. Mtu aliyewahi kuona picha hizo hazisahau: paja zima linaonekana kama anga la usiku wakati wa kiangazi, nukta nyeupe kila upande.

Kwa hiyo kazi ya kisu ni kubwa kuliko tulivyozoea. Nyama yote iliyogeuka zambarau kwa damu iliyovia ikatwe, pamoja na kiganja kizima cha nyama inayoonekana nzima kuizunguka, na mifupa iliyovunjika isiingie chunguni. Najua linauma, kwa sababu bega la nsya lenyewe si kubwa. Linalonisumbua zaidi ni beseni. Mama hutumbukiza kipande chenye kidonda majini, hukikamua mpaka maji yawe mekundu, kisha katika maji yaleyale husuuza paja na mbavu ambazo hazikuguswa. Kidonda kinaonekana safi, lakini vumbi la madini limegawiwa nyama yote. Afadhali kukata kwanza, na kuosha baadaye kwa maji mengine.

Moto hauondoi risasi. Kukausha kwa moshi hupunguza maji ya nyama, si madini. Ndimu, siki na nyanya, ambazo wengi huzitumia kulainisha nyama ngumu au kuondoa harufu ya porini, huongeza tatizo, kwa kuwa uchachu huyeyusha risasi na kuirahisishia kupita tumboni kuingia katika damu.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutoka katika kiasi kilekile alichokula, na mwenye upungufu wa chuma au kalisi (kalsiamu) hufyonza zaidi. Mwili huyachukulia madini haya kama kalisi na kuyaweka katika mifupa, yakakaa humo miaka mingi. Mwanamke anaposhika mimba, madini hayo hutoka tena mifupani na kumfikia mtoto tumboni. Watu wa huku hawahitaji kwenda mbali kuona madhara: Kabwe, mji wa Zambia ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa kwenye barabara ya Lusaka, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994, na watoto wa huko wanaendelea kupimwa na kutibiwa. Nyama yenye vipande haifanani na udongo wa Kabwe kwa wingi wa sumu, ila sumu ni ileile.

Vipo vichwa vya risasi vya shaba tupu, ambavyo hupanuka bila kupasuka ovyo. Baadhi ya wawindaji wa Marekani wanaojitengenezea risasi nyumbani huvichagua wenyewe. Jimbo la California limezuia risasi za madini haya katika uwindaji wote tangu Julai 2019, na Denmark imefuata mwaka 2024. Shaba ni nyepesi kuliko risasi, kwa hiyo kichwa chenye uzito uleule huwa kirefu zaidi, na bunduki yapaswa kulengwa upya. Inachekesha kidogo kwamba Lubumbashi, mji uliojengwa juu ya migodi ya shaba, bado unakula risasi.

Mabaki yaliyokatwa yafukiwe kina cha kutosha, yasitupwe jalalani wala kupewa mbwa, maana mbwa na tai hudhurika na vipande hivyohivyo.