Anuwai ya vinasaba: tofauti za farasi ambazo jicho halizioni

Falabella, farasi mdogo wa Argentina, hafiki mita moja ukimpima mabegani. Shire wa Uingereza anaweza kufikia tani moja, na mtu wa kimo cha kawaida akisimama kando yake haoni ng'ambo ya mgongo. Anayewaona pamoja kwa mara ya kwanza huamini kwamba damu zao ziliachana zama na zama. Lakini mwaka 2012 watafiti walipolinganisha farasi wa aina nyingi, wadogo kwa wakubwa, waliona kwamba sehemu nne tu za vinasaba zinatosha kueleza asilimia 83 ya tofauti ya ukubwa wao. Sehemu nne, katika mnyama mwenye jeni, yaani vipande vya vinasaba vinavyobeba maelekezo ya mwili, takriban 20,000.

Nimeanza hapo kwa sababu wengi wakisikia "anuwai ya vinasaba" hufikiria rangi, kimo na mwendo. Hayo ni maumbile ya nje, na mara nyingi hushikiliwa na jeni chache ambazo wafugaji wamezichagua kwa makusudi. Anuwai ya vinasaba ni jambo pana zaidi: ni wingi wa sura tofauti za jeni zilizomo ndani ya kundi. Kila farasi ana nakala mbili za karibu kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Nakala hizo zinaweza kufanana au kutofautiana. Kundi ambalo wanyama wake wengi wana nakala zinazotofautiana, na ambalo lina sura nyingi za kila jeni, lina anuwai kubwa. Kundi ambalo kila ukipima unakuta nakala zilezile, anuwai yake ni ndogo, hata kama lina farasi laki moja.

Kwa hiyo kuna maswali mawili yasiyopaswa kuchanganywa. La kwanza ni kiasi gani aina hii imeachana na aina ile. La pili ni kiasi gani farasi wa aina moja wanatofautiana wao kwa wao. Aina inaweza kuwa imejitenga sana na wenzake, ikapendeza na kutambulika kutoka mbali, kumbe ndani yake imekauka.

Utafiti uliotolewa mwaka 2013, uliopima farasi 814 wa aina 36, ulionyesha jambo hilo wazi. Farasi wa Mongolia na wa Tuva, jimbo la Urusi, wafupi, wenye manyoya mengi, ambao mgeni angesema wote ni walewale, walikuwa miongoni mwa wenye anuwai kubwa. Clydesdale wa Uskoti, farasi mzito wa kuvutia mzigo na plau, alikuwa miongoni mwa wenye anuwai ndogo. Sababu iko kwenye historia yao. Wafugaji wa Mongolia wanahama na makundi makubwa, na hakuna daftari linalosema nani aingie na nani asiingie. Baridi na uhaba wa malisho ndivyo vinavyochuja. Clydesdale alifungiwa ndani ya ukoo wake, kisha trekta na lori zikamwondolea kazi, idadi ikaporomoka. Waliobaki wakazaliana wao kwa wao.

Hilo daftari ndilo kiini cha habari yote. Aina ya farasi, kwa maana inayotumika leo, haizaliwi porini. Mara nyingi huanzishwa na watu wanaokubaliana kuandika majina ya farasi fulani na kusema kwamba kuanzia sasa, mtoto ataandikwa tu kama baba na mama yake wote wamo humu. Daftari la ukoo wa Thoroughbred, farasi wa mbio, lilianza kuchapishwa Uingereza mwaka 1791. Madume waasisi wanaotajwa ni watatu, waliotoka Mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Darley Arabian alinunuliwa Halab, Syria, akapelekwa Uingereza mwaka 1704. Ukifuata mstari wa baba kwa baba, takriban asilimia 95 ya madume wa Thoroughbred wa leo wanaishia kwake. Farasi wanaokimbia kwenye uwanja wa Ngong jijini Nairobi nao ni Thoroughbred; nasaba zao zinarudi kwa waasisi haohao.

Sisemi kwamba mwili mzima wa Thoroughbred umetoka kwa Darley Arabian. Mstari wa baba ni uzi mmoja tu katika kitambaa kizima, nao husomwa kwenye kromosomu Y, fungu la vinasaba ambalo dume humpa mwanawe wa kiume. Uzi wa mama husomwa kwenye vinasaba vya mitokondria, vinu vidogo vya nishati ndani ya chembe za mwili, ambavyo mama huwapa watoto wake wote. Na hapa farasi wana habari ya kushangaza. Ukisoma mitokondria za farasi wa duniani unakuta koo nyingi mno za majike. Ukisoma kromosomu Y unakuta karibu hakuna tofauti. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mistari mingi ya madume wa leo imetokana na madume wa Mashariki walioenea katika miaka 700 hivi iliyopita. Watu walichukua majike popote walipowapata, lakini dume la mbegu walilichagua kwa uangalifu, wakalisafirisha mbali na kulipandisha kwa majike mengi. Mfugaji wa ng'ombe anaijua hesabu hii vizuri: kijiji kikitegemea dume moja miaka kumi, ndama wote ni ndugu.

Ubaya wa undugu huo ni upi? Wengi wetu tunaujua ugonjwa wa selimundu. Mzazi mwenye nakala moja ya jeni yake haugui. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kupata nakala zote mbili. Farasi wa Kiarabu wana ugonjwa unaofuata kanuni hiyohiyo: mtoto huzaliwa bila kinga ya mwili, na kwa kawaida hufa kwa maambukizi kabla ya kutimiza miezi sita. Jeni mbovu zipo katika kila kundi, hata kundi lenye afya. Zinachohitaji ili zidhuru ni kukutana, na ndugu wanapozaliana ndipo zinapokutana.

Friesian wa Uholanzi, yule mweusi mwenye shungi refu, ameyapitia hayo. Mwaka 1913 madume yaliyobaki kwenye daftari lake yalikuwa matatu. Aina iliokolewa, na leo ina farasi maelfu katika nchi nyingi, lakini wengi hao wamepita katika tundu la sindano lilelile. Ndiyo maana udumavu, watoto wenye maji kichwani, na majike ambayo kondo la nyuma hukwama baada ya kuzaa vinamsumbua kuliko aina nyingine nyingi. Idadi ilirudi. Sura za jeni zilizopotea hazikurudi nayo.

Hapa mfugaji mwenye nia njema anaweza kuharibu zaidi. Kipimo kikishamwonyesha kwamba farasi wake anabeba nakala moja mbovu, hamu ya kwanza ni kumwondoa kwenye uzalishaji. Ukifanya hivyo kwa kila kasoro inayogunduliwa, unatupa pamoja nayo jeni elfu nyingine nzuri ambazo farasi huyo alikuwa nazo, na kundi linazidi kuwa jembamba. Njia ya busara ni kumpandisha kwa asiyebeba nakala hiyo: hakuna mtoto atakayeugua, na ukoo hautapotea.

Mfano wa mbali kabisa wa kupungua huku ni farasi wa Przewalski, farasi wa porini wa Mongolia. Ana kromosomu 66, wakati farasi wa kufugwa ana 64. Mara ya mwisho kuonekana porini ilikuwa 1969, na kundi lote lililohifadhiwa kwenye bustani za wanyama lilitokana na farasi wa porini 12 tu pamoja na damu kidogo ya farasi wa kufugwa. Kuanzia 1992 walirudishwa Mongolia. Lakini anuwai ilikuwa imepungua, na hapakuwa na farasi wengine wa porini wa kuongeza.

Palikuwa na chembe za mwili tu, zilizohifadhiwa kwenye baridi. Mwaka 1980 bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, iligandisha chembe za ngozi za dume mmoja aliyebeba sura za jeni zilizokuwa zikipungua kwa wenzake walio hai. Agosti 2020, huko Texas, jike wa kufugwa alizaa dume aliyetengenezwa kutokana na chembe hizo, akapewa jina Kurt. Kunakili mnyama namna hii ni njia ya kupata wawili wenye vinasaba karibu vilevile. Kwa kundi hili, nakala hiyo ilikuwa damu mpya.