Eti dabi haina mwenyewe

Wiki nzima kabla ya Simba na Yanga, redio zote za michezo zinaimba wimbo mmoja: dabi haina mwenyewe, fomu haina kazi, mwenye hasira zaidi ndiye atakayeshinda. Mchambuzi akishasema hivyo anajiona amemaliza, matangazo ya biashara yanaingia. Mimi kazi yangu ni kuchambua mechi kwa video kwa ajili ya kocha. Nakata klipu, napanga mafaili, nabishana na kocha mpaka usiku wa manane. Safari hii nimechoka kunyamaza.

Tuanze na huyo mwenyewe. Tarehe 5 Novemba 2023, Yanga 5-1. Aprili 2024, Yanga 2-1. Ngao ya Jamii, ile ya kufungua msimu, Agosti mwaka huohuo, Yanga 1-0. Oktoba, Yanga 1-0. Juni 2025, mechi iliyoamua ubingwa, Yanga 2-0. Ngao ya Jamii ya Septemba 2025, Yanga 1-0. Mechi sita mfululizo! Kama hiyo ni bahati ya sarafu, nionyesheni inapouzwa.

Najua nitaletewa ile 3-3 ya Oktoba 2013, Yanga wanaongoza 3-0 mapumziko, Simba wanarudisha zote. Ilikuwa mechi tamu sana. Ni mechi moja.

Kuhusu morali nitasema kidogo tu, maana imeshaongelewa hadi imechuja. Hakuna mchezaji anayeingia Uwanja wa Mkapa siku hiyo akiwa hana hamu. Tatizo letu ni hamu kuzidi kipimo: dakika kumi za kwanza kila mtu anataka kukaba mpira wote peke yake, na kiungo mkabaji anakula kadi ya njano kabla hajatoka jasho. Kwa hiyo mpango wa dakika hizo ni kuwapunguza kasi. Wenye kutaka kocha "awapandishe mzuka" wanataka petroli iongezwe kwenye moto.

Halafu kuna habari ya silaha ya siri. Kila dabi kuna tetesi kwamba kocha ameficha mfumo mpya. Jamani, timu iliyotoka kucheza mechi ya CAF, ya klabu za Afrika, wikiendi inapata mazoezi mawili ya maana, labda matatu, na moja kati ya hayo ni la kulegeza misuli. Huwezi kumfundisha beki wa kushoto kazi mpya kwa siku hizo. Unachoweza ni kupunguza. Mabeki nawapa mambo mawili, viungo mawili, washambuliaji moja. Ukiwawekea video ya dakika 40, nusu wanalala na nusu wanachati.

Sasa kuna jambo ambalo sijawahi kulisikia redioni hata siku moja: video yenyewe inadanganya. Msimu mzima Simba na Yanga wanacheza na timu zinazopaki basi, yaani zinazojaza watu nyuma kulinda goli. Ukifungua mechi kumi za mwisho za mpinzani wako, utamwona akiwa na mpira, mabeki wake wa pembeni wako juu kama mawinga, beki wa kati anapiga pasi bila kuguswa. Utajua vizuri sana anavyofungua basi. Siku ya dabi wewe hupaki basi, na mpira mmoja hauwezi kumilikiwa na timu mbili. Kuna mmoja atakaa bila mpira kwa muda asiouzoea, na ligi haikuonyeshi anafanya nini hapo.

Ndiyo maana kabla ya dabi ya Aprili 2024, mwenye akili aliziweka pembeni mechi za ligi na kwenda robo fainali za Ligi ya Mabingwa zilizokuwa zimechezwa wiki chache tu nyuma. Yanga dhidi ya Mamelodi Sundowns, 0-0 nyumbani, 0-0 ugenini, wakatolewa kwa penalti. Simba dhidi ya Al Ahly, 1-0 na 2-0, zote wamepoteza. Mechi nne tu, lakini humo ndimo unaona nani anarudi kukaba mpira ukipotea na nani anatembea. Unaona beki wa kati akisukumwa na washambuliaji wawili anapiga mbele au anarudisha kwa kipa. Klipu sita za namna hiyo nazithamini kuliko msimu mzima wa mabao matatu-bila dhidi ya timu za mkiani.

Sehemu kubwa ya mpango, hata hivyo, wala si mfumo. Ni maswali ya "ikiwa". Ikiwa tumefungwa dakika ya tano? Ikiwa tunaongoza 1-0 na imebaki robo saa? Chukueni hiyo 5-1. Miezi mitatu kabla, timu zilezile na makocha walewale, Gamondi wa Yanga na Robertinho wa Simba, walitoka 0-0 Tanga kwenye Ngao ya Jamii, Simba wakachukua kwa penalti. Na hata siku ya hiyo 5-1, mapumziko ilikuwa 1-1. Mabao manne yalikuja kipindi cha pili. Nikiitazama tena, bao la pili silioni kama ndilo lililoimaliza Simba. Kilichoimaliza ni walichofanya baada yake: kusogea mbele wote kutafuta la kusawazisha, na nyuma kubaki uwanja mtupu kwa watu wa Yanga kama Maxi na Aziz Ki. Jukwaa linapiga kelele mpande, na wachezaji wanapanda. Mpango wa nini kifanyike mkifungwa unaandikwa Jumanne, kabla ya kelele: beki gani wa pembeni habanduki, nani anasimama jirani na namba sita, yule kiungo mkabaji, nani ana ruhusa ya kucheza faulo na wapi. Robertinho aliondoka siku chache baadaye, na mjadala wote ukawa juu ya nani alihujumu.

Sasa niseme linalonisumbua mwenyewe. Katika zile mechi sita Yanga walikuwa na makocha watatu: Gamondi nne za kwanza, Miloud Hamdi Juni 2025, Romain Folz Septemba. Kama mpango ndio unaoshinda, mbona walipanga watu watatu na jibu likawa moja? Pengine sisi wa video tunajipa sifa ambazo ni za wachezaji wa Yanga kama Pacome Zouzoua. Siwezi kuthibitisha kinyume. Ligi inatupa dabi mbili kwa mwaka, na kwa idadi hiyo huwezi kutenganisha kocha na kikosi chake. Ile ya Oktoba 2024 iliamuliwa na bao la kujifunga dakika za mwisho. Hilo hakuna aliyelichora ubaoni, na mchambuzi wa Yanga akikwambia alilichora, mwombe akuonyeshe klipu.